Sukari ya Maranda

Duka tulipewa barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu wanaonijua. Kama tungepewa kwa siri ningejua namna ya kuona haya: ningeinamisha kichwa, siku zikapita. Lakini maofisa walikuja kwa miguu na karani wao, wakatembea mlango hadi mlango, na nyuma yao umati wa watu waliovaa nguo za kanisani, kila mmoja akijipendekeza asikike. Ofisa mmoja alimwona mume wangu, akamnyooshea fimbo yake, kisha akainyoosha fimbo ile ile kwenye pembe ya barabara. "Dreva! Hiyo yako." Basi. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama upande wa pili na kikapu cha matoke, nikakiweka chini, nikapiga makofi na mimi.

Mume wangu alikuwa koplo, dereva wa malori ya jeshi. Kwao ni kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile kisichoomba radhi kwa mtu. Mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kenya. Nimezaliwa hapa Kampala, Nsambya, kwenye nyumba za reli, na Kiswahili tulikinywa pamoja na uji. Tulikuwa tumepanga chumba Kamwokya. Duka lile la pembeni nililijua kuliko nyumba ya shangazi yangu, kwa sababu ndiko nilikonunua kila kitu tangu nilipoolewa.

Lilikuwa la Muhindi na mkewe. Mume alikaa nyuma na redio yake, hatukumwona sana. Mke ndiye aliyekuwa duka lenyewe: mwanamke mfupi, mnene, sari ameipandisha kidogo isiburute unga, mkono mmoja kwenye mizani muda wote. Sukari ilimfikia kwa magunia, naye aliipakia mwenyewe kwenye mifuko ya kaki, akaukunja mdomo mara mbili na kuufunga kwa uzi mweupe. Ukitaka ya kupima, alikupimia. Na mizani ikishatulia hakukupa hivi hivi, bali alichota kidogo kwa ncha ya kijiko akaongeza juu huku akikutazama usoni. Hiyo ndiyo nyongeza. Kampala hatujui kununua bila nyongeza. Hata muuza mchicha asipokuongezea vijani viwili vitatu utamwona hana adabu. Nisimpake mtu mafuta kwa sababu ameondoka: bei zake hazikuwa na huruma, na akikuchukia alijua kukuchukia. Lakini nyongeza hakumnyima mtu.

Kwenye baraza la duka hilo ndiko nilikozoeana na jirani yangu Mkongo. Alikuwa amekimbia vita vya kwao na mama yake mzee, wakapata chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu. Aliuza karanga za kukaanga karibu na soko, akizifunga kwenye vijikaratasi, na hakuwa na mizani. Mkono wake ulikuwa mizani. Tulimjaribu siku moja kwa mzaha pale dukani: akachota karanga, yule mama wa Kihindi akazipima, zikawa sawasawa, naye ambaye hakucheka ovyo akacheka. Bibi kizee, mama yake, alikuwa akija kukaa barazani juani, na nyongeza yake yeye ilikuwa ugoro kidogo kwenye kiganja. Alinifundisha kupika sombe, majani ya muhogo ya kwao. Mimi nilimfundisha binti yake kubishana na Waganda wa sokoni bila kutukanwa.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililoniumbua. Mtaani kwetu mtu akifa, duka la mtaa halikungoja kuombwa. Kabla majirani hawajakaa vizuri, yule mama alikuwa ameshatuma sukari na majani ya chai. Baadaye alikuja mwenyewe, akajifunika kichwa, akasimama mlangoni pa uwanja. Haingii, hali, hanywi, anasimama tu, kisha anarudi kazini. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, bado hajaanza kutambaa, niliinua kichwa kati ya wanawake waliokuwa wakinishika nikamwona pale mlangoni. Alingoja mpaka nilipomwona, ndipo akaondoka.

Halafu redio ikasema Wahindi waondoke. Watu wengi walifurahi, na mimi sitajifanya nililia. Siku ya mwisho niliyomwona, gari lilikuwa linangoja, mumewe anaita kutoka ndani, naye anamwagilia mrehani wake aliouotesha kwenye mkebe wa samli pale barazani. Nilikwenda nikiwa na neno la kumwambia. Nilipofika mbele yake neno likayeyuka, nikamwuliza kama sukari ipo. Akaweka kopo la maji chini, akaingia, akanipimia. Akaongeza nyongeza.

Kwa hiyo fimbo ya ofisa iliponyooka kwenye ile pembe, mimi nilijua ni wapi kinapokaa kijiko. Tulifungua mlango kikawa bado kimechomekwa ndani ya sukari. Ukutani kulikuwa na picha ya mungu wao imezungushiwa maua ya karatasi. Koplo aliitoa kwa heshima, akaifunga kwenye gazeti na kuiweka juu ya kabati, kwani alikuwa mwoga wa miungu yote. Msumari ukabaki. Nilisimama nyuma ya kaunta nikaona kwamba imechimbika kidogo, pale mkono wake ulipokuwa ukilala, na mkono wangu ukaingia pale pale. Nikauondoa.

Wiki za kwanza nilikuwa bibi harusi. Watu walinunua kama wanaohama. Tuliuza tulivyovijua na tusivyovijua. Kulikuwa na mikate mikavu, myembamba kama karatasi, nikawaambia watu ni chakula cha kuku. Nasikia kuku walikataa. Kulikuwa na vikopo vya kitu kinachonuka hata kikiwa kimefungwa, nikavimwaga chooni, na kwa muda mrefu choo chetu hakikuingilika kwa sababu mpya. Tulicheka. Jirani yangu Mkongo alikuja akasimama mbele ya kaunta kwa mara ya kwanza na mimi niko nyuma yake, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mizani, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "njo" ni "ndiye", "Basi sasa njo wewe mama wa duka." Hakusema kwa ubaya. Nikampimia karanga mbichi, nikamwongezea nyongeza kubwa mno, mpaka akanirudishia nusu.

Tatizo ni kwamba tulidhani duka ni kisima: leo unachota, kesho unakuta kumejaa. Hatukuuliza yule mama alikuwa akipata wapi, kwa nani, kwa ahadi gani. Gunia la mwisho la sukari lilipokwisha, koplo akaenda kwenye maghala chini ya Bugolobi akaambiwa alete chiti ya mkubwa. Mkubwa aliyekuwa akimpenda alikuwa amehamishiwa mbali, na mkubwa mpya hakujua dereva yeyote. Chumvi ikaisha. Sabuni ikaisha. Mafuta ya kupikia yakaisha. Nikabaki na kiberiti, rangi ya viatu, na mikebe ya unga wa maziwa ambayo ndani yake kulikuwa na hewa.

Kuuza ni kazi. Lakini kutouza, nyuma ya kaunta, kutoka asubuhi hadi jioni, ni adhabu. Kwetu mtu hawezi kuingia dukani akasema tu anachotaka. Lazima akusalimu, akuulize mlivyolala, akuulize watoto, akushukuru kwa kazi unayoifanya. Halafu ndipo aulize sukari, nawe useme hakuna. Asante kwa kazi yako, hakuna. Wazee walinipa pole. Nilizichukia pole zao kuliko matusi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nimeivaa hadharani, kwenye pembe ya barabara.

Juu ya hayo akatokea kapteni. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukagua maduka yaliyogawiwa, na amri ilikuwa kwamba duka tupu ni duka la mtu aliyeshindwa, na aliyeshindwa ananyang'anywa. Mke wa kapteni alikwisha kupata duka la vitambaa na duka la viatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye kiti chake: akiingia dukani kwako hakusimama, alimwagiza askari amletee kiti cha gari lake, akaketi katikati ya sakafu akazungumza. Alipoanza kuketi katikati ya sakafu yetu tulijua. Chumba tulicholala kilikuwa nyuma ya duka lile. Tulikwisha kuacha kile cha kupanga. Na koplo aliyenyang'anywa duka na mkubwa hasemwi kwamba amenyang'anywa tu. Watu huanza kujiuliza alifanya nini, na siku zile kuulizwa hivyo kulitosha mtu asirudi nyumbani.

"Duka ikiwa tupu, kesho hapana yetu," mume wangu aliniambia. "Jaza."

"Nijaze nini?"

"Wewe jaza tu."

Kwenye kighala cha duka nilikuwa nimekuta bunda la mifuko ya kaki, mipya, na kidonge cha uzi mweupe. Nyuma ya barabara kulikuwa na seremala, na chini ya msumeno wake maranda laini kama unga. Nilimwambia nataka ya kuwatandikia kuku. Nikajifungia ghalani nikaijaza mifuko ile mmoja mmoja, nikaipigapiga ikae sawa, nikaukunja mdomo mara mbili, nikafunga kwa uzi mweupe. Hakuna aliyenifundisha, mikono ilikuwa imemwona yule mama miaka yote ile. Nilipoipanga kwenye rafu ya juu, mbali na mikono ya watu, duka likawa zuri kama zamani. Ningekudanganya nikisema sikuipenda kazi yangu. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikaitazama, nikaridhika, kisha nikaona uso ukiniwaka bila mtu kunitazama.

Maana sasa watu waliona sukari. Waliingia, wakasalimu, wakashukuru, wakauliza, na macho yao yako kwenye rafu. Sikuweza kusema hakuna. Nikasema, "Hiyo ni oda ya wakubwa." Neno hilo lilijibu kila swali siku zile, na hakuna aliyebishana nalo. Walikwenda zao. Lakini nilisikia wanavyoniita nikipita: mafuta mingi. Ndivyo walivyoitwa wale waliotajirika kwa maduka ya Wahindi, wanaouzia ndugu zao kwa mlango wa nyuma. Mafuta mingi, mimi! Nyumbani kwangu mchicha ulichemshwa kwa maji, na ngozi yangu ilikuwa imepauka kwa kukosa hata ya kujipaka.

Jirani yangu Mkongo alikuja jioni moja. Mama yake alikuwa anaumwa, amekataa chakula, alichokubali ni uji tu, na uji bila sukari aliutema. Akaniambia polepole, bila kunilaumu, "Mama, hata kijiko. Si wewe unamujua?" Nami nilikuwa namjua. Nilikuwa na jibu moja tu la ukweli, na jibu hilo likitoka lingefika sokoni kabla yake. Nikasema ni oda ya wakubwa. Aliitazama rafu. Hakunitukana; angenitukana ningemshukuru. Tangu siku hiyo tukipishana kisimani aliniamkia kama anavyoamkia askari, haraka, akitazama chini. Sukari ya mama yake nilisikia aliipata mbali, Kawempe, kidogo tu, ya kufunga kwenye ncha ya kitenge.

Bibi kizee akafa alfajiri moja ya mvua. Nilisikia kilio kikitoka upande wa nyumba yetu ya zamani. Nilikaa kitandani nikijua ninachotakiwa kufanya, kwani nimekwisha kusema duka halingoji kuombwa. Wanawake wa mtaa walikwenda kumwosha. Mimi sikwenda. Nilifungua duka, nikaketi nyuma ya kaunta, na mifuko yangu mizuri ikiwa juu ya kichwa changu.

Kabla ya saa sita mke wa kapteni akaingia. Kiti kikaletwa. Akaketi katikati ya sakafu, akanyoosha miguu, akaisifu baraka ya mvua, akaisifu rafu. Alikuwa bado anaisifu nilipoona mlangoni kanga za msiba. Ni jirani yangu mwenyewe, macho yamevimba, pamoja na mama mzee wa Kiganda aliyekaa nyumba ya pili na mwanamke mwingine wa mtaani. Yule mzee akapiga magoti kama desturi yao. Wakanisalimu. Wakanishukuru kwa kazi.

"Mama," jirani yangu akasema, "niko nakuja juu ya matanga. Batu banafika, banatoka mbali, na chai haina sukari. Unisaidie ka pakiti kamoja. Nitalipa."

Kwamba atalipa! Aliyefiwa, kwenye duka la mtaa. Ulimi ulikuwa umeshazoea, ukaanza wenyewe: "Dada, pole sana, lakini hiyo ni oda ya..." Nikakwama, kwa sababu wakubwa wenyewe walikuwa wameketi katikati ya sakafu.

Mke wa kapteni akageuka kwenye kiti. Niseme haki yake: alikuwa mtu wa kwao, na kwao pia mtu akifa watu hupewa. "Oda ya nani?" akauliza. "Wewe, hapana fanya hivyo. Huyu mama nakufiwa. Sukari iko mingi pale juu, mimi naona na macho yangu. Patia yeye."

Sikuwa na pa kwenda. Nilivuta kibao, nikapanda. Naukumbuka urefu wa kibao kile kama watu wanavyokumbuka mlima. Nilichukua mfuko wa pembeni, nikashuka nao nikiushika kwa mikono miwili kama kitu kizito, nikaufikisha kwenye kaunta, na sikuweza kuuweka chini kwa sababu ungelia kama kitu kitupu. Nikamnyooshea mkononi. Nilimtazama shingoni, si usoni.

Mkono wake ulikuwa umejiandaa kupokea uzito wa pakiti ya sukari, mkono ule uliokuwa mizani. Ulipopokea, ulipanda juu kidogo, wenyewe. Ni kitu kidogo sana. Mke wa kapteni hakuwa na sababu ya kukiona. Kwenye kunjo la chini unga wa mbao ulikuwa umevuja, ukamwangukia kwenye kidole gumba. Akautazama. Kisha akainua macho akanitazama, na nilijua kwamba amejua yote kwa mara moja: rafu nzima, oda zote, jioni ile ya uji. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye alikuwa ametoka kuosha asubuhi ile ile.

Angeweza kuuachia tu uanguke. Ningekuwa mimi, na mama yangu amelala ndani hajazikwa, ningeuachia.

Badala yake mkono ukashuka taratibu, kama uliolemewa. Akaleta na wa pili chini yake. Akauminya mfuko kifuani, akaufuta ule unga kwenye kitenge chake. "Aksanti, mama," akasema kwa sauti, ili asikike mpaka kwenye kiti. "Iko nzito. Mungu akubariki na duka yako." Akauweka kichwani. Akatoka nao barabarani akiwa amekaza shingo na kutembea polepole, mkono mmoja juu kuushikilia, kama mwanamke aliyebeba mzigo. Mama mzee wa Kiganda akainuka kutoka magotini, akanibariki na yeye. Kutoa ni moyo, mke wa kapteni akaniambia, nami nikamwitikia ndiyo, mama, ni moyo.

Niseme hapa hapa ili nisirudi tena: duka alilichukua. Si siku ile, ni baadaye, na kwa sababu isiyohusu rafu. Mumewe alilitaka, likawa lake. Tulipewa asubuhi moja ya kutoka. Koplo hakupatwa na baya, tulirudi kupanga, na alishukuru Mungu mpaka akazeeka. Mifuko yangu yote niliiacha juu ya rafu imepangwa vizuri, na mara nyingi nimetaka kuwa nzi ukutani siku mke wa kapteni alipopanda kibao. Mrehani nao ulikuwa umekufa zamani. Nilikuwa nikiumwagilia, lakini nadhani niliumwagilia mno.

Jioni ya siku ile ile, bibi kizee ameshazikwa na jua bado halijazama, nilifunga mlango nikaenda msibani. Nilikuwa na kiberiti mkononi, pakiti nzima, kwani ndicho kitu cha kweli nilichokuwa nacho. Sikutaka kuingia. Nilijifunika kichwa kwa kanga nikasimama mlangoni pa uwanja, na niliposimama ndipo nikajua ni nani aliyekuwa akisimama hivyo. Yule mama wa Kihindi alituma sukari kabla ya kuja mwenyewe, naye hakuwa ametunyang'anya kitu.

Uwanja ulikuwa na matope ya mvua, na mbele ya mlango wa nyumba, pale watu walipokuwa wakikanyaga zaidi, kulikuwa kumemwagwa maranda. Watu walipita juu yake wakiingia na kutoka, na miguu yao ilikuwa mikavu. Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu watu waligeuka. Jirani yangu akainuka kutoka mkekani. Akaja mpaka mlangoni, akakipokea kiberiti kwa mikono miwili, akanishika kiwiko akanipitisha katikati ya watu wote na kuniketisha kwenye benchi karibu na jiko, kando ya yule mama mzee wa Kiganda. "Huyu njo mama wa duka," akawaambia watu wa kwao waliotoka mbali. "Ametusaidia." Wakaitikia kwa shukrani, wakaniita mama, wanaume wakavua kofia. Nilikaa katikati ya shukrani zile kama mtu aliyevuliwa nguo.

Chai ilikuwa kwenye sufuria kubwa, na vikombe vya bati havikutosha. Ukimaliza unampa mwenzako. Nilitazama nyuso za wanaokunywa. Waliinywa wakazungumza, wakapuliza, wakameza, na hakuna aliyekunja uso. Jirani yangu alinijazia kikombe mwenyewe, akageuka kidogo mgongo akitafuta kitu, kisha akanikabidhi. Nilijiandaa kwa uchungu wa chai tupu, niliuhitaji hata. Nikanywa.

Ilikuwa tamu.

Kifua kikanifunguka. Basi wamepata mahali, nikajiambia. Labda imetoka Kawempe tena, Mungu ni mkubwa, watu wanakunywa chai ya heshima na mimi nimesahaulika. Nilifurahi kweli, kijinga, mpaka machozi. Nikanywa tena. Halafu, kwa sababu mama mzee wa Kiganda alikuwa ameshampa mtu kikombe chake na mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi, nikampa changu apashe tumbo joto.

Akanywa kidogo. Akasita. Akakitazama kikombe ndani, kisha akanitazama mimi, bila ubaya wowote, kwa mshangao tu wa mzee.

"Eh! Hii yako iko na sukali."

"Yenu haina?" nikamwuliza.

"Yetu hapana. Tunakunywa hivyo hivyo." Akaionja tena chai ile, akatikisa kichwa polepole kama aliyeitambua. "Ni ile ya mugonjwa. Ilibaki kidogo pale kwa kitenge."

Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Nikainua macho. Ng'ambo ya jiko jirani yangu alikuwa akinitazama, na ncha ya kitenge chake ilikuwa inaning'inia, imekunjamana mahali ambapo kifundo kilikuwa kimefunguliwa. Alipoona nimeona, aliyaondoa macho upesi na kujishughulisha na moto, kama yeye ndiye aliyefumaniwa. Watu wa kwao walikuwa wananitazama wakitabasamu, wakingoja mama wa duka afurahie chai yake.

Kumwaga nisingeweza, na kumpa mtu mwingine nisingeweza, maana yeyote angeonja na angesema. Nikakishika kikombe nikanywa yote mbele yao, polepole, mpaka chini, mpaka kwenye punje ambazo hazikuwa zimeyeyuka.